Daraja ni Nini? Simu, Kumbukumbu na Uzee Wenye Afya Wilayani Sikonge

Agosti 23, 2022, makarani wa sensa walianza kubisha hodi katika kaya za Tanzania wakiwa na vishikwambi mikononi badala ya madodoso ya karatasi. Katika Wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, kama ilivyokuwa kote nchini, wazee waliketi wakajibu maswali ya vijana waliokuwa wakigusa kioo kwa kidole. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa hukadiriwa umri kwa matukio anayoyakumbuka: Uhuru wa 1961, kuhamia vijiji vya Ujamaa katika miaka ya 1970, au Vita vya Kagera. Hivyo umri wake wenyewe hutegemea kumbukumbu yake.

Zoezi lile lilidhihirisha kwamba kifaa cha kidijitali kinaweza kufika mlangoni mwa kila mzee, hata pale ambapo barabara ni ya vumbi na umeme ni wa jua. Sekta ya afya inabaki na swali lake: je, kifaa cha namna hiyohiyo, mikononi mwa mhudumu wa afya wa kijiji, kinaweza kutambua mapema kwamba kumbukumbu ya mzee imeanza kuyumba? Na kikishatambua, mzee huyo atapata nini?

Nchi ya watu waliobeba njia vichwani

Eneo hili linajua thamani ya kumbukumbu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, pembeni mwa Tabora ya leo, na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akikwepa vita vya Mirambo, aliondoka Kwihara akazungukia kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, upande ambao leo ipo Wilaya ya Sikonge. Aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirangozi. Yeye ndiye aliyejua visima viko wapi, kambi ya kesho iko mbali kiasi gani, na ni mtemi yupi wa kuombwa njia. Hakushika ramani, kwa kuwa njia yote aliihifadhi kichwani.

Wajukuu na vitukuu vya wapagazi hao leo wanalima tumbaku, mahindi na karanga, na wanarina asali katika misitu ya miombo. Wengi wanafikia umri ambao wachache tu waliufikia enzi za misafara. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, yaani asilimia 5.6 ya watu wote. Kuishi miaka mingi ni mafanikio ya chanjo, maji safi na tiba. Hata hivyo, kadiri watu wanavyoishi zaidi ndivyo maradhi ya uzeeni yanavyoonekana zaidi, na miongoni mwake yako yale yanayoushambulia ubongo polepole.

Kinachoanza kidogo kidogo

Chukua mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 74 anayeishi na wajukuu wake wawili. Mwaka wa kwanza anauliza jambo lilelile mara tatu kwa siku, na wajukuu wanacheka. Mwaka wa pili anatia chumvi mara mbili kwenye mboga, anaacha sufuria jikoni mpaka inaungua, na anadai kwamba jirani ameiba fedha ambazo yeye mwenyewe amezificha chini ya gunia. Mwaka wa tatu anatoka usiku kwenda kisimani, kisima kilichofukiwa miaka 20 iliyopita, na anapokutwa njiani hawezi kueleza anakokwenda. Hakuna aliyempeleka zahanati, kwa sababu kila mmoja alisema, "Ni uzee tu."

Kauli hiyo ndiyo kikwazo cha kwanza. Uzee hupunguza kasi ya kufikiri, lakini haumfanyi mtu apotee kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Mzee mwenye afya anaweza kusahau jina la mgeni kisha akalikumbuka jioni. Anaweza kuuliza leo ni tarehe ngapi, hasa kama hana shughuli inayomlazimu kuijua. Mwenye ugonjwa husahau kwamba mgeni alikuja. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni kama usahaulifu umeanza kuharibu shughuli za kila siku: kupika, kuhesabu chenji, kuvaa, kufuata mazungumzo, kurudi nyumbani.

Hali hiyo kitabibu huitwa dimenshia. Ni jina la jumla la dalili zinazotokana na magonjwa mbalimbali ya ubongo. Linalojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ulioitwa hivyo kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeuelezea mwaka 1906. Linalofuata ni dimenshia itokanayo na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo la juu la damu, kisukari au kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Jina sahihi linaweza kuokoa maisha

Katika mikoa ya magharibi na ya kanda ya ziwa, Tabora ikiwemo, kuchelewa kuutambua ugonjwa huu kuna hatari ambayo vitabu vingi vya tiba haviitaji. Kwa miongo mingi vikongwe, hasa wanawake, wameshutumiwa uchawi, wakafukuzwa makwao, na wengine wakauawa. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo hutokana na moshi wa jikoni wa miaka 50 au 60. Zikiongezwa tabia ambazo dimenshia huleta, yaani kutembea usiku, kuongea peke yake, kuwatuhumu majirani wizi au kuingia nyumba isiyo yake, mwanamke mgonjwa anaweza kuonekana kuwa mtu wa kuogopwa.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anapomweleza mwana wa bibi huyo kwamba mama yake ana ugonjwa wa ubongo, hampi taarifa ya kitabibu tu. Anaondoa tuhuma na kuweka maelezo mahali pake. Familia iliyopata maelezo hayo mapema hupata pia nafasi ya kuwaambia majirani na mwenyekiti wa kitongoji kabla minong'ono haijaota mizizi.

Sikonge yenyewe ina mfano wa kujifunzia. Kwa miaka mingi wamisionari wa Moravian waliendesha hapa makazi na hospitali ya wagonjwa wa ukoma, ugonjwa ambao kwa karne nyingi uliitwa laana na kuwatenga watu na jamaa zao. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza tiba ya dawa mseto, na ukoma ukawa ugonjwa unaopona kwa vidonge. Dimenshia haijapata vidonge vya namna hiyo. Lakini somo la ukoma lina sehemu mbili: dawa, na jina. Watu walianza kuacha kuogopa pale walipoelewa kwamba mbele yao yuko mgonjwa, wala si mtu aliyelaaniwa. Sehemu hiyo ya pili inawezekana leo.

Somo kutoka Hai

Utafiti mkubwa wa dimenshia vijijini Tanzania umefanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, kiwango cha dimenshia kilikuwa asilimia 6.4. Idadi hiyo iliwapa jibu waliodhani kwamba ugonjwa huu ni wa Ulaya na Marekani pekee. Wagonjwa walikuwepo vijijini, ila hawakuwa wametambuliwa.

Ugumu ulikuwa kwenye kipimo. Vipimo vingi vya kumbukumbu vinavyotumika duniani vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma. Mtahiniwa huombwa aandike sentensi, achore maumbo, ahesabu kinyumenyume au ataje tarehe kamili. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atafeli kipimo hicho hata kama ana akili timamu na anawajua kwa majina mbuzi wake wote. Kipimo kingekuwa kinapima shule, si ubongo.

Ndipo watafiti wa Tanzania na Nigeria pamoja na wenzao wa Uingereza walipotengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014. Kina vipengele 6 na jumla ya alama 15, na hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni nini. Huulizwa kiongozi wa kijiji chake ni nani, na leo ni siku gani ya juma. Huombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hupewa njiti za kiberiti ili apange umbo kama alilooneshwa, kwa sababu njiti kila mtu amezishika. Mwisho huombwa akumbuke maneno 10 aliyosomewa mwanzoni. Anayepata alama 7 au pungufu hutiliwa shaka na kupelekwa kwa uchunguzi zaidi.

Swali la daraja linaonekana jepesi, na hapo ndipo penye maana yake. Kulijibu kunadai mtu alete picha ya kitu akilini, atambue kazi yake, kisha atafute maneno ya kuieleza. Mzee anayeijua mito ya kwao inavyofurika masika atasema, "Ni pa kuvukia maji." Aliyeanza kuugua anaweza kulirudia neno lenyewe tu, au kukaa kimya, au kueleza habari nyingine kabisa.

Simu mkononi mwa mhudumu

Hatua iliyofuata ilikuwa kukiweka kipimo hicho ndani ya programu ya simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionesha kwamba wahudumu wasio na utaalamu wa magonjwa ya ubongo, wakipewa mafunzo, wanaweza kuwapima wazee vijijini kwa kutumia programu hiyo. Simu huonesha swali la kusoma, huhesabu dakika moja ya kutaja wanyama, hujumlisha alama na kuhifadhi majibu. Makosa ya kujumlisha hupungua, na mhudumu hupata nafasi ya kumtazama mzee badala ya kutazama karatasi.

Usahihi wake ulikuwa wa kuridhisha, lakini haukuwa kamili, na jambo hili halina budi kusisitizwa. Kipimo cha namna hii huchuja tu. Hakitoi hukumu. Kinasema nani aangaliwe zaidi. Hakisemi nani mgonjwa.

Kumbukumbu pia haisimami peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma jumuishi kwa wazee uitwao ICOPE, linahimiza kupima mambo 6 kwa pamoja: kumbukumbu, mwendo, lishe, kuona, kusikia na hali ya moyo. Mengi yanafanyika kwa kifaa kidogo tu. Saa ya simu inatosha kupima mwendo: mzee huombwa ainuke kitini mara 5 bila kutumia mikono, na ikizidi sekunde 14, nguvu za miguu zimepungua na hatari ya kuanguka imeongezeka. Kuhusu lishe, huulizwa kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3 bila kukusudia.

Macho na masikio yanastahili uangalifu wa pekee. Huko Nakuru, nchini Kenya, kipimo cha macho cha simu kiitwacho Peek kililinganishwa na chati za kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba simu inaweza kupima uoni kwa uhakika hata nyumbani kwa mgonjwa. Kwa usikivu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 programu ya hearWHO, ambayo humsomea mtu tarakimu zilizochanganywa na kelele kisha humtaka aziingize kwenye simu. Mzee mwenye mtoto wa jicho au nta iliyoziba masikio anaweza kuonekana amepungukiwa akili, kumbe hakuliona umbo la njiti wala hakulisikia swali. Kumwondolea tatizo hilo ni tiba. Pia ni sharti la kumpima kwa haki.

Miundo ya kubebea huduma hii inaanza kuwepo. Zanzibar, kupitia mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea wametumia simu kufuatilia afya ya mama na mtoto katika visiwa vyote. Upande wa Bara, Serikali ilizindua Januari 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu anayefika kwenye kaya kumpima mtoto uzito humkuta bibi kibarazani. Kuongeza dakika 15 za kumsikiliza bibi huyo kunahitaji mafunzo na ratiba, si ujenzi wa hospitali mpya.

Kabla ya kutaja dimenshia

Mhudumu makini hujiuliza kwanza: hali hii imeanza lini? Dimenshia huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na Jumatano hajui aliko hana dimenshia mpya. Ana mkanganyiko wa ghafla, na hiyo ni dharura. Chanzo chake chaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka au kupanda, au dawa. Katika mkoa wenye malaria kama Tabora, kipimo cha haraka cha malaria na cha sukari hutangulia kipimo cha kumbukumbu.

Kuna pia hali zinazofanana na dimenshia lakini hutibika. Sonona humfanya mzee awe mzito, asahau na asijali, na mara nyingi hufuata baada ya kufiwa. Upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende iliyofika kwenye ubongo na VVU vyote vinaweza kuharibu kumbukumbu. Mzee aliyeanguka na kugonga kichwa anaweza kuvujia damu taratibu chini ya fuvu kwa wiki kadhaa. Dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazouzwa madukani kama klofeniramini, huchanganya akili ya mzee hasa zikitumiwa kila siku. Kuiuliza familia ilete dawa zote zilizomo nyumbani, za hospitali, za dukani na za miti shamba, ni kipimo kisicho na gharama.

Mgonjwa ambaye majibu hayajapatikana huelekezwa katika hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora. Nchi za nje zimeanza kutumia kipimo cha damu cha ugonjwa wa Alzheimer. Marekani iliidhinisha cha kwanza Mei 2025. Hicho bado kiko mbali na kijiji. Kipimo cha malaria, cha sukari, cha kaswende na cha shinikizo la damu kiko karibu, na kila kimoja kinaweza kumpata mzee ambaye ugonjwa wake unapona.

Mashine ya presha ni mashine ya kulinda ubongo

Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na ambayo yanaweza kurekebishwa. Ilikadiria kwamba yakidhibitiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Mengi yanaigusa Sikonge moja kwa moja: shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji wa tumbaku, pombe kupita kiasi, uziwi, uoni hafifu usiotibiwa, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, hewa chafu na elimu ndogo utotoni.

Kati ya hayo, shinikizo la damu ndilo lililo rahisi zaidi kupimwa kwa teknolojia iliyopo. Huko Hai, watafiti walipowapima watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, takriban 7 kati ya kila 10 walikuwa na shinikizo la juu, na wachache sana walikuwa wamelidhibiti. Mashine ya kidijitali ya mkono, inayotumia betri, inaweza kukaa kwa mhudumu wa kitongoji na kuzunguka kwa wazee mara moja kwa mwezi. Kengele ya simu inaweza kumkumbusha mzee kidonge cha asubuhi. Teknolojia hizi ni za kawaida kabisa, na pengine ndiyo maana hazipewi heshima zinazostahili. Presha iliyodhibitiwa tangu umri wa miaka 50 inaulinda ubongo kuliko programu yoyote itakayowekwa kwenye simu mtu akiwa na miaka 80.

Moshi nao una habari yake. Moshi uleule unaowapa vikongwe macho mekundu huingia mapafuni na kuathiri mishipa ya damu. Jiko banifu, gesi, au hata dirisha la kupitishia hewa jikoni ni kinga ya macho, mapafu na ubongo kwa wakati mmoja. Kwa mkulima wa tumbaku, kulitenga bani la kukaushia na mahali pa kulala na kupikia ni hatua ya busara. Kuacha kuvuta kuna faida katika umri wowote.

Simu ya mzee mwenyewe

Wazee wengi wa leo wana simu zao, walau kitochi. Kifaa hicho kinaweza kuwa dirisha la kuutazama ubongo. Tangu huduma za fedha kwa simu zianze nchini mwaka 2008, namba ya siri imekuwa sehemu ya maisha. Mzee aliyeitumia miaka 10 bila shida, kisha akaanza kuifunga kila wiki kwa kukosea, au anatuma fedha mara mbili kwa mtu yuleyule, au hajui tena kupokea simu aliyoizoea, anatoa ishara ya mapema. Mtoto aliye Dar es Salaam anaweza kuigundua ishara hiyo kabla ya wanaoishi na mzee: mazungumzo yanajirudia, majina yanapotea, salamu inaulizwa mara tatu ndani ya dakika tano.

Simu hiyo ina hatari pia. Matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" huwapata kwa urahisi zaidi wale ambao kumbukumbu zao zimeanza kudhoofika. Familia inapaswa kukubaliana mapema, mzee akiwa bado na uwezo wa kuamua, nani amsaidie na fedha za mazao na matumizi yatolewe taarifa kwa nani. Kumnyang'anya simu si suluhisho. Upweke ni miongoni mwa yale mambo 14, na simu ya mtoto kila Jumapili, kama ilivyo redio ya asubuhi, humweka mzee ndani ya mazungumzo ya watu.

Kwa walioanza kuugua, kuna tiba ya kuchangamsha akili inayofanyika kwa vikundi. Ilijaribiwa Hai katika vipindi 14, mara mbili kwa juma kwa wiki 7, ikiongozwa na wahudumu waliofunzwa. Wazee huzungumzia vyakula, nyimbo, kazi za zamani na habari za siku. Msingi wake haudai umeme. Baraza la bao chini ya mwembe lina sehemu kubwa ya viungo hivyo: kuhesabu, kupanga mbele, kutaniana na kukumbuka.

Mipaka isiyofichwa

Kipimo kisicho na huduma nyuma yake kinaweza kudhuru. Kumwambia mzee "umefeli kumbukumbu" kisha kumwacha ni kumwongezea hofu. Wilaya inayotaka kuanza uchunguzi huu inapaswa kwanza kujua wagonjwa watapelekwa wapi, nani atawatembelea nyumbani, na familia zitafundishwa nini.

Lugha ni mpaka mwingine. Wazee wengi wa Sikonge wanafikiri kwa Kinyamwezi au Kisukuma, na Kiswahili chao ni cha sokoni na ofisini. Kuwapima kwa lugha isiyo ya nyumbani ni kurudia kosa la vipimo vya shule. Mhudumu anayeanza kwa "Shikamoo bibi" au "Mwangaluka", akaketi, akauliza habari za mvua na za wajukuu kabla ya kuitoa simu, atapata majibu ya kweli zaidi kuliko anayeanza na kioo.

Tatu ni siri. Majibu ya mzee si habari za kijiji. Katika mazingira ambamo maneno "amechanganyikiwa" yanaweza kuzaa tuhuma, simu yenye taarifa hizo lazima ifungwe kwa namba ya siri, na mazungumzo yafanyike pasipo wasikilizaji. Ridhaa huombwa kwa mzee mwenyewe kwanza, kisha kwa anayemtunza.

Yanayoweza kuanza sasa

Kwa mhudumu wa afya: kila mzee anayefika kituoni kwa sababu yoyote apimwe shinikizo la damu na aulizwe, yeye na aliyemsindikiza, kama kumbukumbu imebadilika katika mwaka mmoja uliopita. Akisema ndiyo, tafuta kwanza vyanzo vinavyotibika, kagua macho, masikio na dawa, ndipo upime kumbukumbu. Andika matokeo, na mpangie tarehe ya kurudi.

Kwa familia: dalili zikidumu zaidi ya miezi sita na kuharibu shughuli za kila siku, mpeleke mzee kituoni. Zikija ghafla, mpeleke leo. Nenda na anayemfahamu vizuri, na dawa zake zote. Nyumbani, usibishane naye kuhusu asichokikumbuka. Mjibu kwa upole na umpe kazi anayoiweza, kama kuchambua karanga au kukunja nguo. Weka taa ya sola njia ya kwenda chooni, na andika namba ya simu ya mtunzaji kwenye nguo yake endapo atapotea. Waeleze majirani kwamba ni ugonjwa, na uwaambie jina lake.

Kwa mzee mwenyewe anayesikia habari hizi zikisomwa: kusahau si aibu, na kuomba kupimwa si kujidhalilisha. Wazee husema penye wazee haliharibiki neno. Ili neno lisiharibike, kijiji kina wajibu wa kumlinda mzee ambaye maneno yameanza kumponyoka. Kirangozi wa zamani aliufikisha msafara kwa yale aliyoyashika kichwani. Naye akichoka njiani, wenziwe humshika mkono na kumwambia wamefika wapi.